Newton au Einstein? Dalili za programu inayotumia fizikia isiyo yake

Kila baada ya wiki chache hunifikia ujumbe wa sura ileile: "Kaka, programu yangu inatoa majibu ya ajabu, nadhani nimesahau uhusianifu," yaani nadharia ya Einstein ya mwendo, muda na uvutano. Nikifungua msimbo, mara nyingi nakuta digrii zimetiwa mahali pa radiani, au kilomita zimechanganywa na mita. Einstein wa watu hana hatia. Lakini zipo siku ambazo mhusika ni yeye kweli, na hapo mwenye programu anakuwa ameshapoteza siku tatu akibadilisha maktaba na kompaila, asijue kwamba kanuni yenyewe ya Newton imefika mwisho wa kamba yake.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili ninazoletewa mara kwa mara. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia, kile cha nadra kinafuata.

Kabla hujagusa msimbo: namba mbili

Ya kwanza: chukua kasi kubwa kuliko zote ndani ya programu yako, igawe kwa kasi ya mwanga (mita 299,792,458 kwa sekunde), kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Ya pili inahusu uvutano: GM gawanya kwa r mara c mraba, ambapo G ni namba isiyobadilika ya uvutano ya Newton, M ni tungamo la kitu kinachovuta, r ni umbali wako kutoka kitovu chake, na c ni ile kasi ya mwanga.

Kwa bodaboda inayokimbia kilomita 80 kwa saa, namba ya kwanza ni kama 5.5 × 10⁻¹⁵. Setelaiti ya GPS, inayokwenda karibu kilomita 3.87 kwa sekunde, inapata 1.7 × 10⁻¹⁰. Kwa upande wa uvutano, juu ya uso wa Dunia ni 7 × 10⁻¹⁰, juu ya uso wa Jua ni 2 × 10⁻⁶, na kwenye nyota ya nyutroni ni kama 0.17.

Sasa linganisha namba hizo na kosa unaloruhusiwa. Watu wengi huteleza hapa: wanatazama kasi peke yake na kusema "hiki kinakwenda polepole, Newton anatosha." Setelaiti ya GPS ni kobe mbele ya mwanga, lakini kazi yake ni kutunza muda kwa nanosekunde, na siku moja ina nanosekunde trilioni 86.4. Sehemu moja kwa bilioni kumi ya hizo ni maelfu ya nanosekunde. Kwa upande mwingine, unaweza kuwa na elektroni inayokwenda sehemu ya tano ya kasi ya mwanga na Newton akakutosha kabisa, kwa sababu mchoro wako ni wa kufundishia kidato cha nne na kosa la asilimia mbili halimdhuru mtu.

Dalili: sayari inatoka kwenye njia yake, au njia yenyewe inazunguka

*Chanzo cha kwanza, na ndicho ninachokikuta karibu kila mara: njia ya kukokotoa.* Kama unasogeza sayari kwa njia ya Euler ya moja kwa moja (nafasi mpya ni ya zamani kuongeza kasi mara muda, basi), nishati inaongezeka kila hatua na sayari inajipanua kwa mzunguko wa konokono hadi ipotee. Chora grafu ya jumla ya nishati. Ikipanda bila kushuka, hamia kwenye njia ya Verlet au ya kurukana, ile inayosogeza kasi nusu hatua, nafasi hatua nzima, kisha kasi nusu iliyobaki.

*Cha pili: vipimo.* Kizio cha kiastronomia (wastani wa umbali kati ya Dunia na Jua) ni mita 149,597,870,700, na G inataka kilo, mita na sekunde. Chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama za newtoni. Waliofanya kazi ile walikuwa mabingwa, kwa hiyo usione aibu kukagua.

*Cha tatu: saa isiyo sahihi.* Majedwali ya sayari ya maabara ya JPL ya NASA hayatumii UTC, ile saa rasmi ya ulimwengu. Yanatumia mizani ya muda inayokaribiana sana na Muda wa Dunia (TT) wa wanaastronomia, ambao kwa sasa umeitangulia UTC kwa sekunde 69.184. Ukiyasoma kwa UTC, Dunia yako inakosea njia kwa zaidi ya kilomita 2,000. Na majedwali hayo tayari yamekokotolewa kwa uhusianifu, kwa hiyo usiongeze tena juu yake.

*Cha nne: uhusianifu wenyewe.* Mfano maarufu ni Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Ncha ya njia yake iliyo karibu na Jua inasogea kidogokidogo. Sayari nyingine, hasa Zuhura na Mshtarii, zinaisogeza kwa karibu sekunde za tao 532 kwa karne (sekunde ya tao ni digrii moja gawanya kwa 3,600), na Newton anazieleza zote hizo. Zinabaki 43 alizozieleza Einstein mwaka 1915. Maana yake, kama programu yako ina Jua na Utaridi tu, usianze na zile 43 wakati umeacha 532 mlangoni.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea programu ya Newton tupu, bila sayari nyingine, na ncha ya Utaridi ilikuwa inasogea. Alifurahi, akidhani amemkuta Einstein ndani ya Newton. Hatua yake ya muda ilikuwa saa moja. Nikamwambia, "Mdogo wangu, punguza iwe nusu saa, uendeshe tena." Usogezi ukashuka hadi karibu robo. Hiyo ni alama ya vidole ya njia ya kurukana: ukikata hatua nusu, kosa linabaki robo. Athari halisi haijali ukubwa wa hatua yako. Kumbuka Utaridi unazunguka Jua mara 415 hivi kwa karne, kwa hiyo unachotafuta ni sehemu ya kumi ya sekunde ya tao kwa mzunguko mmoja, na kosa la ukokotoaji linaweza kulimeza bila hata kutafuna.

Hayo yote yakishakaa sawa na bado unazitaka zile 43, huhitaji kuandika upya programu. Zidisha mvuto wa Newton kwa (1 + 3h²/(r²c²)), ambapo h ni r mara kasi ya kukatisha, yaani ile isiyoelekea Jua wala kuondoka kwake. Kwa sayari moja inayozunguka Jua, kiraka hicho kinatoa jibu sahihi.

Dalili: elektroni imeupita mwanga

Anza na kulisoma faili la data. Kuna anayesoma kiloelektroni-volti (maelfu) kama megaelektroni-volti (mamilioni). Hapo jibu lazima liwe kituko.

Kama volti ni sahihi, basi safari hii ni Newton kweli. Kwa hesabu yake, elektroni iliyosukumwa kwa volti 255,500 inaufikia mwanga, na ukiongeza moja inaupita. Lakini makosa yanaanza mapema kuliko hapo. Kwa volti 10,000 Newton anazidisha kasi kwa asilimia 1.5 hivi. Kwa 100,000 anasema 0.63 ya mwanga wakati ukweli ni 0.55. Zile TV za chogo tulizokuwa nazo sebuleni zilisukuma elektroni kwa kama volti 25,000, na hapo tofauti ni asilimia 3 na kitu, inatosha kuharibu picha kama fundi aliyebuni bomba la picha angempuuza Einstein.

Dawa mbaya ninayoikuta kila mahali ni hii: "kama kasi imezidi c, ifanye iwe 0.999c." Hiyo ni kubandika plasta juu ya jipu. Kasi inaonekana nzuri, lakini nishati inayoendelea kuingia inapotelea hewani na matokeo yote yanayofuata ni uongo.

Dawa ya kweli ni kubadili kile unachokihifadhi. Usihifadhi kasi, hifadhi u = γv, ambapo γ ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (1 − v²/c²). Nguvu inaongeza u bila kikomo, kisha ukihitaji kasi unaipata kwa v = u gawanya kwa kipeuo cha pili cha (1 + u²/c²). Kanuni hiyo haiwezi kutoa kasi inayozidi mwanga hata ukiilazimisha. Kama kuna uga wa sumaku, tumia njia ya Boris ya mwaka 1970, ambayo imejengwa juu ya u na ndiyo inayotumika kwenye programu nyingi za plazima (gesi iliyogawanyika kuwa chembe zenye chaji).

Dalili: NaN ("si namba"), au γ inatoka 1 kamili, au nishati ni sifuri

Hapa kanuni ni sahihi, ila namba za kompyuta zimeishiwa tarakimu.

Kwenye kasi kubwa: protoni ya LHC (ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe) yenye nishati ya 6.8 TeV, yaani elektroni-volti trilioni 6.8, inapungukiwa na mwanga kwa takribani mita 3 tu kwa sekunde. Ukiihifadhi kasi hiyo kama sehemu ya mwanga kwa biti 32, inakuwa 1 kamili, unagawanya kwa sifuri, NaN inasambaa kama moshi. Hatua ya kwanza hamia biti 64. Hatua ya pili, na ndiyo ya kudumu, hifadhi u kama nilivyosema.

Kwenye kasi ndogo shida inageuka. Mtu anayetembea kwa miguu ana v²/c² ya kama 2 × 10⁻¹⁷, na biti 64 haziwezi kutofautisha 1 na 1 kutoa hiyo. Ukitumia kanuni ya kitabuni, nishati = (γ − 1)mc², unapata sifuri. Kwa basi la kilomita 100 kwa saa unapata jibu linaloyumba kwa asilimia kadhaa. Andika hivi badala yake:

nishati = m · v² · γ² / (γ + 1)

Ni kanuni ileile kihesabu, ila haina mahali pa kutoa namba mbili zinazokaribiana. Kwa mtu anayetembea γ ni 1, na kinachobaki ni nusu ya mv², yaani Newton mwenyewe amejitokeza bila kuitwa.

Dalili: grafu ina kidato, yaani inaruka ghafla

Mtu ameandika "kama kasi iko chini ya 0.1c tumia Newton, la sivyo tumia Einstein." Kwenye mpaka huo nishati inaruka kwa karibu asilimia 0.75, na chembe inayovuka mpaka huku na huku inavuna au kupoteza nishati kila safari. Futa hilo sharti. Kama sehemu yoyote ya programu inahitaji uhusianifu, tumia kanuni ya uhusianifu kote, iliyoandikwa kama hapo juu. Einstein anamjua Newton. Newton hamjui Einstein.

Wanaolalamika kwamba hiyo inapunguza kasi ya programu huwa hawajapima. Kipeuo kimoja cha pili kwa kila chembe ni gharama ndogo mbele ya kusoma kumbukumbu. Pima kwanza, ulalamike baadaye.

Dalili: eneo la GPS linakosea

Kama unachukua latitudo na longitudo zilizokwisha kukokotolewa na simu, pita moja kwa moja: chipu imeshafanya marekebisho yote, na kosa lako ni kuta za maghorofa zinazorudisha mawimbi. Yanayofuata ni kwa anayekokotoa mwenyewe kutoka vipimo ghafi vya umbali.

*Kosa la kilomita nyingi, eneo linaruka hovyo.* Karibu kila mara ni sekunde za ziada, zile zinazoongezwa kwenye UTC. Muda wa GPS umeitangulia UTC kwa sekunde 18, na katika sekunde hizo setelaiti inakwenda kama kilomita 70. Einstein hayumo.

*Kosa la mita 30 hivi, daima upande wa mashariki.* Hili nalikumbuka vizuri. Biashara moja ya usafirishaji Dar es Salaam ilikuwa na vifaa vya kufuatilia pikipiki, na kila pikipiki iliyoegeshwa ilionekana imesimama ndani ya duka la ng'ambo ya barabara. Asubuhi, mchana, usiku, duka lilelile. Fundi aliyetangulia alishaweka "marekebisho": toa mita 32 kwenye longitudo. Dar ikatulia. Wakajaribu mfumo kwa mshirika wao wa London, pikipiki zikahamia upande wa pili wa barabara.

Mawimbi yanachukua kama sekunde 0.07 kutoka setelaiti hadi kwako, na katika muda huo Dunia inazunguka. Kwenye ikweta ardhi inakwenda mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo unakuwa umesogea mita 32 na ushei. London, ambako duara la mzunguko ni dogo, ni kama mita 20. Sisi wa Nairobi, Kampala na Dar tunalipa nauli nzima. Dawa ni kuzungusha viwianishi vya setelaiti kuelekea magharibi kwa pembe θ (ya radiani) ambayo ni 7.2921151467 × 10⁻⁵ mara sekunde za safari:

x' = x cos θ + y sin θ
y' = −x sin θ + y cos θ

Wataalamu huiita athari ya Sagnac na huitia kwenye kapu la uhusianifu. Kwa macho ya mwanaprogramu ni kuzungusha tu.

*Kosa la mita chache linalopanda na kushuka kwa mzunguko wa karibu saa 12.* Sasa ndiyo tumemfikia Einstein. Njia ya setelaiti si duara kamili. Ikikaribia Dunia inaongeza mwendo na kuzama kwenye uvutano zaidi, saa yake inapungua kasi, ikipanda, inaongeza. Marekebisho ni −4.442807633 × 10⁻¹⁰ mara e, mara kipeuo cha pili cha nusu-mhimili mkuu (nusu ya urefu wa njia, kwa mita), mara sin E, ambapo e ni upogo wa njia, yaani kiasi inavyopishana na duara, na E ni pembe unayoipata ukitatua mlinganyo wa Kepler. Kwa e ya 0.01 hiyo ni nanosekunde 23, karibu mita 7. Kazi hii imeachiwa kipokezi, yaani wewe, setelaiti haikufanyii.

*Saa inayotoka kwenye kipokezi inapotea mikrosekunde 38 kwa siku.* Umerekebisha mara mbili. Uvutano hafifu wa kule juu unaiharakisha saa ya setelaiti kwa mikrosekunde 45 kwa siku, mwendo unaichelewesha kwa 7, zinabaki 38. Lakini hizo 38 zilishaondolewa kiwandani: saa hutegwa kwa megahezi 10.22999999543 badala ya 10.23. Ukiziondoa tena, umeharibu.

Hapa niseme jambo kuhusu ile habari inayosimuliwa kila mahali kwamba bila Einstein ramani ingekosea kilomita 11 kwa siku. Umbali unaopimwa kwa kila setelaiti ungekosea hivyo, ni kweli. Lakini kosa linalofanana kwa setelaiti zote humezwa na saa ya kipokezi, kwa sababu kipokezi hutafuta namba nne: tatu za mahali, na ya nne ni kosa la saa yake. Ndiyo maana wapo watu waliorekebisha mara mbili kwa miezi bila kugundua, hadi walipoanza kutumia GPS kutunza muda badala ya mahali.

Dalili: kwenye seva, jibu limetangulia swali

Kumbukumbu zinaonyesha malipo yamepokelewa kabla hayajatumwa, na mzaha wa kwanza ofisini ni uhusianifu. Tusitafute mchawi mbali. Saa ya kioo cha kwazi kwenye kompyuta ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, hiyo ni sekunde 1.7 kwa siku. Ukiipandisha seva kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, Einstein ataiharakisha kwa kama nanosekunde 55 kwa siku. Linganisha mwenyewe.

Kagua huduma ya NTP, inayolinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, kama inaendeshwa. Kagua kama mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta) ilisimamishwa ikaamshwa. Tumia saa isiyorudi nyuma kupima muda uliopita. Na kama mpangilio wa matukio ndio unaokuumiza, usiutegemee muda kabisa: mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 namna ya kupanga matukio kwa kuhesabu ujumbe, na wazo hilo, alivyoeleza mwenyewe, lilimjia kutokana na uhusianifu maalumu. Hapo ndipo Einstein anapoingia kwenye seva, kama mwalimu.

Simama hapa, mwite mwenye kazi yake

Kama programu inakokotoa kipimo cha mionzi kwa mgonjwa, usiweke kiraka hata kimoja. Elektroni za mashine za tiba ya mionzi zina nishati ya mamilioni ya elektroni-volti, na kosa la asilimia chache linaingia kwenye mwili wa mtu. Hiyo ni kazi ya mwanafizikia wa tiba, na programu yake lazima iwe imeidhinishwa. Urushaji wa ndege ni vilevile. Mipaka ya viwanja nayo mwachie mpima aliyesajiliwa. Mita saba za sin E zimetosha kuzua kesi.

Simama pia kama ile namba ya uvutano imevuka kama 0.01. Setelaiti ya Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ndiyo iliyogundua kwamba chanzo cha eksirei cha Centaurus X-3 kinapigapiga kila baada ya sekunde 4.8: nyota ya nyutroni ikimlamba mwenzake. Ukitaka kuiga miali inayotoka kwenye uso wa nyota kama hiyo, kile kiraka cha Utaridi hakifai, kwa kuwa vipande vya hesabu vilivyotupwa haviwezi tena kupuuzwa. Tumia programu huria iliyokwisha kupimwa na wenye fani.

Unapomwendea mtaalamu, mpelekee zile namba mbili, kosa unaloruhusiwa, na faili dogo kabisa linaloonyesha dalili. Na hakikisha radiani ni radiani.